Ligamenti: Tishu Inayofunga, Inayoongoza na Inayohisi

Mwili wa mtu mzima kwa kawaida una mifupa 206, na karibu yote hukutana na mifupa mingine katika sehemu zinazoitwa viungo, ambamo gegedu laini hufunika ncha za mifupa na ute maalumu huziwezesha kuteleza bila kusagana. Hata hivyo, gegedu na ute haviwezi kuishikilia mifupa pamoja. Kazi hiyo hufanywa na ligamenti, yaani kanda za tishu ngumu yenye nyuzinyuzi ambazo huanzia kwenye mfupa mmoja na kuishia kwenye mfupa mwingine, na ambazo hazina budi kutofautishwa na kano, kwa kuwa kano huunganisha msuli na mfupa. Tofauti hiyo ya mahali huambatana na tofauti ya kazi: kano huufikisha mvuto wa msuli kwenye mfupa ili mfupa usogee, ilhali ligamenti huamua mfupa huo usogee kuelekea upande gani na ukome wapi.

Maelezo ya kawaida ya somo hili huishia hapo, na msomaji hubaki akiiona ligamenti kuwa kamba tu, iliyofungwa huku na huko, ambayo ama ni nzima ama imekatika. Zipo sababu nzito za kuikataa picha hiyo. Ligamenti ni tishu hai ambayo hujijenga kulingana na mzigo inaoubeba, hupeleka habari kwenye uti wa mgongo na ubongo bila kukoma, na hudhoofika inapokosa kazi. Na sehemu kubwa ya makosa yanayofanywa katika kutibu goti au kifundo cha mguu kilichoteguka hutokana na kuyasahau mambo hayo matatu.

Fikra ya kamba ina umri mrefu, na historia yake inaeleza kwa nini imekuwa vigumu kung'oka. Wamisri wa kale walikwisha kuutambua mteguko: hati ya mafunjo inayojulikana kwa jina la Edwin Smith, iliyonakiliwa Misri yapata mwaka 1600 kabla ya Kristo, inaueleza mteguko wa pingili za shingo kuwa ni hali ya sehemu mbili kuachana huku kila moja ikiwa ingali mahali pake, na inautenga na hali ya mfupa kuhama kabisa. Kwa usahihi wake, maelezo hayo yangeweza kuingia katika kitabu cha leo bila kusahihishwa. Katika karne ya pili baada ya Kristo, Galen wa Pergamon, daktari aliyewahi kuwatibu wapiganaji wa viwanjani na hivyo kuona majeraha ya viungo kwa wingi, alizitenganisha ligamenti na neva na kano, akafundisha kwamba ligamenti hazina hisia. Fundisho hilo lilidumu kwa zaidi ya miaka elfu moja na nusu, na mwaka 1752 likapata nguvu mpya pale Albrecht von Haller, mwanafiziolojia wa Uswisi, alipotangaza kutokana na majaribio yake juu ya wanyama kwamba kano na ligamenti hazihisi chochote. Kitu kisichohisi na kisichojikunja chenyewe kama msuli kilionekana hakistahili uchunguzi zaidi ya kupimwa urefu na unene, na kwa sehemu kubwa ndivyo ilivyokuwa hadi karne ya ishirini.

Umbo la ndani la ligamenti linapochunguzwa, ule ukimya unaodhaniwa hutoweka. Takriban theluthi mbili ya uzito wake ni maji, na katika sehemu kavu inayobaki, kiasi cha robo tatu ni kolajeni, yaani protini ndefu yenye umbo la uzi uliosokotwa ambayo ndiyo protini kuu ya ngozi, mifupa na kano pia. Pamoja na kolajeni kuna kiasi kidogo cha elastini, protini inayonyumbuka na kurudi, na molekuli nyingine zinazoyashika maji yasitoroke. Kati ya safu za nyuzi hizo wamo wafanyakazi wachache wa tishu hii, seli zinazoitwa fibroblasti, ambazo huvunja kolajeni iliyochakaa na kutengeneza mpya, na ambazo huhisi mvutano unaozipata na kurekebisha kasi ya kazi yao kulingana nao. Utengenezaji wa kolajeni imara unahitaji vitamini C, na hii ndiyo maana mabaharia wa zamani waliougua kiseyeye kwa kukosa matunda mabichi walitokwa damu kwenye fizi na kufumuka makovu ya zamani: tishu zote zinazotegemea kolajeni zilikuwa zikilegea kwa pamoja.

Nyuzi za kolajeni hazikunyooka kabisa mwili unapokuwa umetulia, bali zimejikunja mikunjo midogo sana inayoonekana kwa hadubini. Mikunjo hiyo ndiyo inayoipa ligamenti tabia yake ya kipekee. Mvutano mdogo unapoanza, mikunjo hunyooka kwanza, na kiungo husogea kwa urahisi bila kuhisi kizuizi. Mvutano ukizidi, nyuzi zilizokwisha kunyooka huanza kubeba mzigo zenyewe na ligamenti hugeuka kuwa ngumu kwa haraka. Ukizidi zaidi, baadhi ya nyuzi hukatika moja moja, na mwishowe ligamenti yote huachia. Kwa mpangilio huu mwili umepata kitu ambacho mafundi wa mitambo hukihangaikia sana, yaani kizuizi ambacho hakipo kabisa katikati ya mwendo na kinakuwepo kwa nguvu zote mwishoni mwake. Aidha, kwa sababu ya maji yake mengi, ligamenti hutenda tofauti kulingana na kasi na muda. Ikivutwa ghafla huwa ngumu zaidi kuliko ikivutwa taratibu, na ikishikiliwa kwa mvutano uleule kwa muda mrefu hurefuka kidogo kidogo. Mtu aliyeinama shambani akipalilia tangu alfajiri huzinyoosha ligamenti za mgongo wake kwa namna hiyo, na akisimama ghafla na kuinua gunia, mgongo wake kwa muda mfupi huwa na ulinzi mdogo kuliko ule aliokuwa nao asubuhi.

Goti ndilo mahali ambapo kazi hii huonekana wazi kuliko kwingineko, kwa sababu mifupa ya goti haina umbo la kushikana. Ncha ya mfupa wa paja ni mviringo, na uso wa juu wa muundi, yaani mfupa mkuu wa mguu chini ya goti, uko karibu bapa. Bila ligamenti, mmoja ungeporomoka juu ya mwingine. Ligamenti mbili za pembeni, ya ndani na ya nje, huzuia goti lisipinde kando, na nyingine mbili, zinazopishana katikati ya kiungo kwa umbo la msalaba, huzuia muundi usiteleze mbele wala nyuma. Ile ya mbele, ambayo mashabiki wa soka wameifahamu kutokana na habari za wachezaji wanaokaa nje ya uwanja msimu mzima, ina urefu wa sentimita 3 hivi tu na unene unaokaribia ule wa kidole kidogo. Nyuzi zake zimegawanyika katika mafungu mawili ambayo hupokezana kazi: goti linapokunjwa fungu moja hukaza, na linaponyooshwa fungu la pili huchukua zamu, hivyo kwamba katika kila pembe ya goti zipo nyuzi zilizo kazini. Ndugu wawili wa Ujerumani, Wilhelm na Eduard Weber, walionyesha jambo hili mwaka 1836 kwa kuzikata ligamenti hizo katika miili ya maiti na kutazama jinsi muundi ulivyoteleza. Kuhusu nguvu yake, vipimo vilivyochapishwa mwaka 1991 na Savio Woo na wenzake nchini Marekani vilionyesha kwamba ligamenti hiyo iliyotoka kwa watu wa miaka 22 hadi 35 ilihimili wastani wa nyutoni 2160 kabla ya kukatika, nguvu inayolingana na uzito wa kilo 220 hivi, ilhali ile ya watu wa miaka 60 hadi 97 iliachia kwenye nyutoni 658, yaani chini ya theluthi moja. Pengo hilo ni kubwa kiasi cha kutosha kubadili namna wazee wanavyopaswa kushauriwa kuhusu viungo vyao, maana umri huiondolea ligamenti akiba yake ya nguvu kimyakimya, pasipo maumivu yoyote ya kuonya.

Viungo vingine hugawana kazi kati ya mfupa, msuli na ligamenti kwa viwango tofauti. Bega limepewa uhuru mkubwa wa kuzunguka, na gharama ya uhuru huo ni kwamba kikombe chake ni kifupi na ligamenti zake ni za kulegea, na kwa hiyo hakuna kiungo kikubwa kinachotoka mahali pake mara nyingi kama bega. Nyonga iko upande wa pili kabisa. Mbele yake hupita ligamenti yenye umbo la herufi Y iliyopinduliwa, ambayo huhesabiwa kuwa ndiyo yenye nguvu kuliko zote mwilini, na ambayo daktari Henry Bigelow wa Boston aliieleza kwa kina katika kitabu chake cha mwaka 1869. Mtu anaposimama wima, ligamenti hiyo hukaza na kulizuia fupanyonga lisianguke nyuma, na kwa hiyo mtu anayesubiri kwenye foleni kwa saa nzima husimama kwa kuegemea ligamenti zake huku misuli mikubwa ya nyonga ikipumzika.

Sehemu ambayo pengine inastahili kutazamwa zaidi, hasa na wasomaji wa Afrika Mashariki, ni wayo. Chini ya wayo kuna tao ambalo halishikiliwi na umbo la mifupa peke yake, bali kwa kiasi kikubwa na ligamenti na utando mgumu unaotandaa kutoka kisiginoni hadi kwenye vidole. Mwaka 1987, watafiti wa Chuo Kikuu cha Leeds, Robert McNeill Alexander akiwa miongoni mwao, walizipima nyayo kwa mashine na kukadiria kwamba katika kila hatua ya mkimbiaji tao hilo huhifadhi takriban jouli 17 kati ya jouli 100 za nishati zinazohusika, kisha huzirudisha nyingi kati ya hizo wakati mguu unapojisukuma kutoka ardhini. Kwa maneno mengine, ligamenti za wayo hulipia sehemu ya safari ambayo misuli ingeilipia peke yake, na mkimbiaji wa Iten, nchini Kenya, anayepanda vilima kila asubuhi hunufaika nazo maelfu ya mara kabla hajanywa chai. Historia ya urithi huo imeandikwa katika ardhi ya eneo hili. Nyayo za Laetoli, kaskazini mwa Tanzania, zilizofukuliwa na timu ya Mary Leakey tangu mwaka 1978 na zenye umri wa zaidi ya miaka milioni 3.6, zinaonyesha viumbe waliotua kwa kisigino na waliokuwa na kidole gumba kilicholala sambamba na vingine; nayo mifupa ya wayo iliyopatikana Olduvai mwaka 1960, yenye umri wa karibu miaka milioni 1.8, imepangika kwa namna inayodai kuwepo kwa ligamenti za kulishikilia tao. Dennis Bramble na Daniel Lieberman, katika makala yao ya mwaka 2004 kuhusu asili ya mbio ndefu, waliongeza ushahidi wa ligamenti ya kisogo, ambayo huanzia nyuma ya fuvu na kushuka shingoni: sokwe hana, binadamu anayo, na kazi mojawapo wanayoipendekeza kwake ni kutuliza kichwa kisitikisike wakati wa kukimbia. Wapo wanaoyapinga baadhi ya mahitimisho yao, lakini jambo moja halina ubishi mkubwa, nalo ni kwamba mwendo wa miguu miwili usingewezekana bila kupangwa upya kwa ligamenti.

Kwenye uti wa mgongo, ligamenti ndefu mbili hupita mbele na nyuma ya pingili, na kati ya pingili na pingili kuna ligamenti za rangi ya manjano ambazo ni za aina yake, kwa kuwa wingi wake ni elastini badala ya kolajeni. Sababu yake ni ya busara: ziko jirani kabisa na uti wa neva, na kama zingekuwa za kolajeni tupu zingejikunja kila mgongo unaponyooshwa na kuubana. Uzeeni baadhi yake hunenepa na kupoteza mnyumbuko, na hapo huchangia kulibana tundu la uti wa neva, tatizo linalowafanya wazee wengi wapate maumivu na ganzi miguuni wanapotembea, wakapata nafuu wanapoketi au kuinama mbele.

Hata jino hushikiliwa kwa ligamenti. Kati ya mzizi wa jino na mfupa wa taya kuna utando wa nyuzi wenye unene wa takriban robo ya milimita, ambao hulifanya jino lining'inie ndani ya shimo lake bila kugandamana na mfupa. Utando huo hupunguza kishindo cha kutafuna na, kwa sababu hujivunja na kujijenga upya upesi, ndio unaowezesha meno yaliyopinda kunyooshwa kwa waya. Tena umejaa neva. Mlaji anayekutana na chembe moja ya mchanga ndani ya wali husimamisha taya yake kabla hata hajajua sababu, na taarifa iliyomsimamisha sehemu yake kubwa imetoka kwenye ligamenti hiyo.

Mfano wa jino unafungua jambo ambalo Galen na Haller hawakuliona. Mwaka 1944, Abbott na wenzake wa California walieleza kwamba ligamenti za goti zina neva nyingi za hisia, na wakapendekeza kwamba neva hizo zina sehemu katika kuiongoza misuli inayolizunguka goti. Miaka 40 baadaye, mwaka 1984, timu iliyoongozwa na Schultz ilizithibitisha kwa hadubini seli za kupokea mvutano ndani ya ligamenti za msalaba za binadamu. Baadhi ya vipokezi hivyo hujibu mabadiliko ya ghafla ya kasi, vingine hujibu mvutano unaoendelea, na vingine hupeleka maumivu. Kwa pamoja huufahamisha ubongo kiungo kiko katika pembe gani na kinaelekea wapi, ili misuli ikaze mapema kabla ligamenti yenyewe haijafika ukomo wake. Ni kweli kwamba ligamenti haifanyi kazi hiyo peke yake, kwa kuwa misuli na ngozi nazo hupeleka habari za namna hiyo, na uzito wa kila mchango bado unajadiliwa. Lakini matokeo yake katika tiba yalionekana mapema. Michael Freeman wa London aliandika mwaka 1965 kwamba watu wengi walioteguka kifundo cha mguu huendelea kulalamika kwamba mguu unawasaliti, hata pale vipimo vinapoonyesha kuwa kiungo kimekaza vizuri, na akaeleza hali hiyo kwa kuharibika kwa neva zilizomo ndani ya ligamenti zilizochanika. Dawa aliyoipendekeza ilikuwa mazoezi ya kusimama juu ya ubao unaoyumba, na hadi leo mazoezi ya mizani ndiyo msingi wa kumrejesha mtu wa namna hiyo katika hali yake.

Ulegevu wa ligamenti si lazima uwe ugonjwa. Wakati wa ujauzito, kiungo cha mbele cha fupanyonga hupanuka kwa milimita chache na ligamenti zake hulegea, kwa mchango wa homoni kadhaa, ikiwemo relaksini ambayo Frederick Hisaw aliigundua mwaka 1926 kwa kuchunguza wanyama wadogo wa maabara. Maumivu ya nyonga ambayo wajawazito huambiwa wayavumilie yana chanzo cha kimwili kinachoeleweka na yanastahili kuhudumiwa. Wapo pia watu waliozaliwa na viungo vinavyopinda kupita kawaida. Kipimo kinachotumiwa duniani kote kuwatambua, chenye alama 9, kina jina la Peter Beighton, daktari wa Cape Town, ambaye pamoja na wenzake walikitumia katika uchunguzi wao wa mwaka 1973 miongoni mwa Watswana wa Afrika Kusini. Wengi wa watu hao huishi bila shida yoyote, ila wachache wana kasoro za kurithi katika tishu zao zenye kolajeni ambazo huhitaji uangalizi wa daktari.

Jeraha la ligamenti huitwa mteguko, na madaktari huligawa katika madaraja matatu, kuanzia nyuzi chache kuvutika kupita kiasi, kupitia mchaniko wa sehemu, hadi kukatika kabisa. Linalotokea mara nyingi zaidi ni la upande wa nje wa kifundo cha mguu, mguu unapopindukia ndani. Kupona hupitia awamu zinazoeleweka: damu huvuja na uvimbe hujitokeza katika siku za kwanza, kisha kwa wiki kadhaa fibroblasti humwaga kolajeni mpya isiyo na mpangilio, halafu kwa miezi mingi, pengine zaidi ya mwaka, kolajeni hiyo hupangwa upya kufuata mistari ya mvutano. Kovu linalopatikana huwa halifikii ubora wa tishu ya awali. Uwezo wa kupona pia hutofautiana kati ya ligamenti na ligamenti, hata zilizo jirani. Ligamenti ya ndani ya goti hupona yenyewe kwa kawaida, ilhali ile ya mbele ya msalaba, iliyo umbali wa sentimita chache tu, kwa kawaida haiungani, kwa sababu inaogelea ndani ya ute wa kiungo ambao una vimeng'enya vinavyoyeyusha bonge la damu, na bila bonge hilo kuziba pengo, seli za kuponya hukosa mahali pa kushika.

Awamu ya tatu ya kupona ndiyo inayoamua mambo, na ndiyo inayoharibiwa zaidi na fikra ya kamba. Ikiwa kolajeni mpya hujipanga kwa kufuata mvutano, basi kiungo kisichopata mvutano wowote hakina ramani ya kujipangia. Majaribio ya Frank Noyes juu ya nyani, yaliyochapishwa mwaka 1977, yalionyesha kwamba mguu uliofungwa usitembee kwa wiki 8 ulipoteza zaidi ya theluthi moja ya nguvu ya ligamenti ya goti iliyokuwa nzima kabisa, na baada ya miezi 12 ya kurudi kwenye mwendo wa kawaida nguvu hiyo ilikuwa bado haijarejea yote. Ushahidi wa tiba kwa binadamu unafuata mkondo huohuo: kwa mteguko wa kawaida wa kifundo, mwendo wa mapema wenye kinga ya bandeji au kishikizo huleta matokeo bora kuliko kukaa na bandeji ngumu kwa wiki nyingi.

Katika miji na vijiji vya Afrika Mashariki hatari ya pili iko upande mwingine, nayo ni haraka ya kuchua. Mguu ukiteguka jioni uwanjani, usiku huohuo hukandwa kwa maji ya moto ya chumvi na kuchuliwa kwa nguvu ili, kama inavyosemwa, mshipa urudi mahali pake. Katika siku mbili au tatu za kwanza joto na mkandamizo huongeza uvujaji wa damu na uvimbe, na kama kuna mfupa uliovunjika, kuchua kunaweza kuuhamisha. Wakandaji wengi wana mikono yenye uzoefu ambao unaweza kufaa baadaye, kiungo kinapokuwa kimekakamaa, na itakuwa dhuluma kuwabeza. Tatizo ni wakati, pamoja na kutokuwepo kwa kipimo cha kuamua nani apelekwe hospitali. Kipimo hicho kipo na hakina gharama. Kanuni zilizotungwa Ottawa, nchini Kanada, na kuchapishwa mwaka 1992 zinaelekeza kwamba aliyeumia kifundo na kupata maumivu eneo hilo apigwe eksirei ikiwa anahisi maumivu mfupa wenyewe wa kifundo unapobonyezwa kwenye ukingo wake wa nyuma au nchani, au ikiwa hakuweza kutembea hatua 4 mara baada ya kuumia na bado hawezi anapochunguzwa. Mwalimu wa michezo wa shule ya msingi anaweza kujifunza kanuni hizo kwa siku moja.

Kinga nayo inawezekana kuliko inavyodhaniwa. Wasichana na wanawake huchanika ligamenti ya mbele ya msalaba mara 2 hadi 8 zaidi ya wanaume wanaocheza mchezo uleule, na ingawa wataalamu hawajakubaliana kuhusu uzito wa umbo la mifupa na homoni, wanakubaliana kwamba namna ya kutua na kugeuka inaweza kufundishwa. Mazoezi ya kupasha mwili yanayojulikana kama FIFA 11+, ambayo huchukua dakika 20 hivi na hayahitaji kifaa zaidi ya mpira, yalijaribiwa na timu ya Oluwatoyosi Owoeye miongoni mwa vijana wa kiume wa ligi ya Lagos, na matokeo yaliyotolewa mwaka 2014 yalionyesha majeraha yakipungua kwa asilimia 41. Soka la wanawake linakua kwa kasi Tanzania, Kenya na Uganda, na kila msichana anayeingia uwanjani bila kufundishwa kutua huachwa katika hatari ambayo ingeweza kupunguzwa bila gharama.

Kwa ligamenti iliyokwisha kukatika, upasuaji una historia ya zaidi ya karne moja. Arthur Mayo Robson wa Leeds aliishona ligamenti ya msalaba mwaka 1895, na Ernest Hey Groves wa Bristol akaanza mwaka 1917 kuijenga upya kwa utando wa paja. Njia ya leo, inayofanyika pia katika hospitali kubwa za Afrika Mashariki kama Taasisi ya Mifupa Muhimbili jijini Dar es Salaam, huingiza kamera ndogo ndani ya goti na kupandikiza kipande cha kano ya mgonjwa mwenyewe, ambacho kwa miezi mingi huvamiwa na seli mpya na kubadilika taratibu kufanana na ligamenti. Hata hivyo, si kila aliyekatika anahitaji kisu. Utafiti wa Sweden uliochapishwa mwaka 2010, uliowagawa kwa bahati nasibu vijana 121 wenye maisha ya michezo, ulionyesha kwamba baada ya miaka miwili walioanza kwa mazoezi ya utengamao, wakiwa na nafasi ya kupasuliwa baadaye ikibidi, hawakuwa na hali mbaya kuliko waliopasuliwa mapema. Baada ya miaka mitano karibu nusu yao walikuwa bado hawajapasuliwa. Kwa nchi ambazo madaktari bingwa wa goti ni wachache, matokeo hayo yana uzito mkubwa, kwa kuwa yanamweka mtaalamu wa fiziotherapia mwanzoni mwa tiba, mahali ambapo kwa kawaida huitwa mwishoni. Tena, pandikizi halilirudishi goti lilivyokuwa: miaka 10 hadi 20 baada ya jeraha, kiasi cha nusu ya wagonjwa huonyesha dalili za gegedu kusagika, wawe walipasuliwa au la.

Mwelekeo mpya zaidi umetoka kwenye swali la kwa nini ligamenti hiyo haiungani. Martha Murray wa Boston, baada ya kutafiti kwa miaka mingi jinsi ute wa goti unavyoyeyusha bonge la damu, alitengeneza sifongo ya kolajeni ambayo hulowanishwa damu ya mgonjwa mwenyewe na kuwekwa kati ya ncha mbili zilizokatika, ili bonge lipate mahali pa kujificha na seli zipate daraja la kupitia. Mamlaka za Marekani ziliiidhinisha mwishoni mwa mwaka 2020 kwa watu wa umri wa kuanzia miaka 14, kwa masharti kwamba ligamenti iwe imekatika kabisa, kipande cha kutosha kiwe kimebaki kwenye muundi, na upasuaji ufanyike ndani ya siku 50 tangu kuumia. Sharti hilo la siku 50 ndilo lililoiweka tiba hiyo mbali na wagonjwa wengi wa eneo hili, ambao hufika kwa daktari wa mifupa baada ya miezi kadhaa ya maji ya moto, dawa za maumivu na kuambiwa kwamba ni mteguko tu.